Miaka kumi na miwili nyuma ya televisheni

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumamosi, Visiga. Mwamini Abdala anaipindua mashine ya gemu kichwa chini, anaipapasa tumbo kama anayepima joto la mtoto mchanga, kisha anailaza juu ya kipande cha godoro.

"Ikikaa kawaida haisomi," anasema. "Imezeeka. Siku hizi inafanya kazi ikiwa chali tu."

Nyuma yake, kwenye benchi la mbao, watu wazima watano wamekaa mikono magotini, kimya, kama wanafunzi wanaosubiri kubandikiwa matokeo. Hakuna aliyekuja kucheza. Wengine wamepanda gari kutoka Maili Moja, mmoja ameacha nguo kwenye beseni, wote wamekuja kumwangalia mama wa watoto wawili, mwenye miaka arobaini na tano, akishika pedi ya kuchezea.

Leo ni Jumamosi yake ya sita. Amebakiza mlango mmoja.

Kibanda chake ni cha mabati, kiko hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, kati ya duka la vipuri vya pikipiki na mama mkaanga chipsi. Ndani kuna televisheni tatu. Mbili ni za mpira, mechi moja shilingi 300, na huko ndiko riziki iliko. Siku ya kawaida hupata kati ya shilingi 10,000 na 15,000. Likizo za shule hufika 25,000, umeme ukiwa na huruma. Kwa fedha hizo bintiye Raudha amemaliza kidato cha nne, na mdogo wake yuko cha pili.

Televisheni ya tatu ni ndogo, ina kichogo kikubwa, na haimuingizii karibu chochote. Hapo ndipo anapokaa Babu Taa.

Jina hilo si la gemu. Jina la gemu halijulikani. Mwaka 2012 Mwamini na dada yake Firdausi, wenyeji wa Kisarawe, waliuza korosho za shamba la marehemu baba yao, wakaenda Kariakoo kununua mashine mbili zilizotumika. Moja waliikuta na diski ndani. Mwenyewe wa kwanza, huko nje, alisahau kuitoa. Maandishi juu ya diski yalishafutika, na yanayotokea kwenye kioo ni ya Kijapani, lugha ambayo Visiga nzima haina hata wa kubahatisha.

Kinachoonekana ni mzee mwenye kanzu ndefu, anatembea na taa ya mkononi katika mji uliojaa maji. Anaingia nyumba hadi nyumba, anawasha taa, na kila dirisha linalowaka, mtu mmoja anarudi mjini. Basi. Mengine yote wateja wamejitungia.

"Anamtafuta binti yake," anasema Telesphory, ofisa ardhi mwenye miaka ishirini na tisa, aliyeimaliza gemu hiyo akiwa kidato cha pili. Kila siku anakwenda kazini Dar es Salaam amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inaogopa.

"Binti gani? Yule ni fundi umeme, anafuatilia hela yake," anasema Didas, ambaye ni fundi wa redio na simu, na anajua analolisema.

Elinipa, muuguzi, anatikisa kichwa. "Yule yuko zamu ya usiku. Mimi nikimtazama anavyotembea najua kabisa, yule miguu inamuuma."

Wote watatu wameimaliza. Wote watatu wana ugonjwa mmoja: wanatamani wasingekuwa wameimaliza.

"Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kusahau, sichagui yule aliyeniacha chuoni," anasema Telesphory. "Huyo nitamkumbuka tu, hana madhara. Nachagua Babu Taa. Nisahau yote, nikae pale, niwashe ile taa ya kwanza sijui kitakachotokea."

Amejaribu kurudia mara nne. Anasema haikuwa vile. Mguu unajua njia, moyo umekaa.

Ndipo likazaliwa benchi. Ukimaliza Babu Taa, unapata haki ya kukaa nyuma ya anayecheza mara ya kwanza, na kuangalia. Kuangalia tu. Sheria aliiweka Mwamini baada ya mteja mmoja kumwelezea mwenzake mwisho wote, kama anamwelekeza njia ya zahanati. Mwenzake aliweka pedi chini, akaondoka, hakurudi.

"Alikuwa amemnyang'anya," anasema Mwamini. "Kitu ambacho huwezi kukirudisha. Nikasema kuanzia leo, wa benchi akifungua mdomo, anafagia kibanda na kufuta pedi zote."

Telesphory ameshafagia mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni.

Kwa miaka kumi na miwili waliokuwa benchini waliishi kwa kutazama wageni. Ila wageni wamekwisha. Vijana wa sasa wanataka mpira. Ukiwawekea mzee anayetembea polepole na taa wanauliza anafunga magoli saa ngapi. Halafu miezi miwili iliyopita Didas aliifungua mashine, akachungulia jicho, ile lenzi inayosoma diski, akaifunga bila kusema kitu. Kwa fundi, hiyo ni hotuba.

"Baadaye nilimwambia mama, jicho hili lina wiki chache," anakumbuka. "La aina hiyo Kariakoo halipo tena, nimezunguka mpaka wakanizoea. Nikasema kama kuna mtu hajaicheza, acheze sasa."

Wakafikiri nani hajaicheza. Wakataja majina, wakafuta majina. Mwishowe, anasema Elinipa, wote waligeuka wakamtazama mwenye kibanda.

Maana Mwamini alikuwa hajawahi kuiona.

Televisheni zake zote zimeupa mlango mgongo. Yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, nyuma ya televisheni, anatazamana na wachezaji. Si kwa bahati mbaya.

"Gemu siitazami, natazama mikono," anaeleza. "Mtu akifungwa, hasira zote zinaishia kwenye pedi, na pedi ni shilingi elfu kumi na tano. Nikikaa upande wao nitanogewa na mimi, halafu nani atawalinda?"

Kwa hiyo Mwamini anamjua Babu Taa kwa nyuso za watu. Anajua pale muziki unapokuwa mwembamba, kila mtu hulamba midomo. Anajua pale panapoitwa darajani, wote hurudi nyuma na kushika pedi kifuani. Anajua mlango wa mwisho: mchezaji huiweka pedi mapajani, hagusi kitu, na uso wake unakuwa kitu kingine. Kuna waliocheka. Kuna waliojifuta macho wakausingizia moshi wa chipsi.

"Darajani nilijua kuna simba," anasema. "Miaka yote hiyo, kichwani mwangu, pale kuna simba."

Jumamosi ya kwanza alipohamia upande wa pili, benchi lilijaa. Likajionea maajabu. Babu Taa alitoka nyumbani kwake, akageuka kushoto, akaingia majini akazama. Akarudi, akazama. Akazama mara kumi na moja.

Tatizo lilikuwa moja, na duniani kote pengine ni Mwamini peke yake angelipata. Amejifunza vidole kwa kuitazama mikono ya wateja akiwa ametazamana nao. Kulia kwao ni kushoto kwake. Miaka kumi na miwili ya ujuzi, yote imegeuzwa kama shati lililovaliwa ndani nje.

"Tuliumia," anasema Telesphory. "Unajua kukaa kimya wakati mtu anamzamisha mzee wa watu mara kumi na moja? Nilijing'ata kidole."

Wiki ya tatu mikono ilinyooka. Wiki ya nne akafika darajani. Hakukuwa na simba. Alirudi nyuma, pedi kifuani, kama wote waliomtangulia, na mtu wa pekee aliyemwona uso ni Raudha, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha mama yake. Jioni ile Raudha alimwambia kitu kimoja: "Mama, kumbe na wewe unaogopa."

Sasa ni Jumamosi ya sita. Mashine huchoka baada ya dakika arobaini, na Mwamini ameshatumia thelathini. Taa zote za mji zinawaka. Amehifadhi alikofika kwenye kadi ya kumbukumbu, kama Didas alivyomsihi.

"Mama katoa ulimi," anaripoti Raudha kutoka nyuma ya televisheni.

"Niache."

"Sasa kaurudisha."

Babu Taa anapanda ngazi, mguu mmoja mmoja. Benchini, Elinipa ameshika mkono wa jirani yake, mtu ambaye hata jina halijui vizuri. Mzee anafika mlangoni. Anainua mkono. Mlango unaanza kufunguka, mstari mwembamba wa mwanga unalala sakafuni.

Hapo panatoka sauti. Krr. Krr. Krr.

Mstari wa mwanga umesimama. Mkono wa mzee umesimama.

"Imestaki," anasema Didas, na anainuka kabla hajamaliza neno.

Anaizima, anaifungua, anafuta jicho kwa pamba, anailaza chali, anailaza ubavu. Wanajaribu kuendelea kutoka kwenye kadi. Mashine inakataa kusoma hata mwanzo. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu haitoi hata krr.

"Limekufa, mama," anasema. "Pole."

Kwenye televisheni za mpira mtu anafunga goli, hakuna anayegeuka.

Mwamini bado ana pedi mkononi. Nyuma yake kuna watu watano wanaokijua kilichoko nyuma ya ule mlango. Telesphory anavuta pumzi.

"Telesphory," anasema Mwamini bila kugeuka.

"Naam, mama."

"Fagio liko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Haya."

Telesphory anairudisha pumzi yake alikoitoa. Elinipa anajaribu kistaarabu: "Hata nusu tu, mama Raudha? Usije ukakosa kabisa."

"Hata robo."

Ndipo anageuka. Anawatazama mmoja mmoja, taratibu, kama alivyozoea kuwatazama kutoka upande ule mwingine. Anatabasamu.

"Nyuso zenu zimeniambia miaka yote kuna kitu kizuri pale," anasema. "Hata leo zinaniambia. Sasa mnataka kunipa kwa mdomo kitu ambacho nyinyi wenyewe mnalia mrudishiwe?"

Telesphory anajikuna kichwa. "Kwa kweli humu ndani mama ndiye tajiri," anakubali. "Sisi wote tumeshatumia."

Didas anafuta mikono kwa kitambaa. Anasema njia ipo moja, kupata mashine nyingine ya aina ileile, isiyochoka. Anasema hivyo kama anavyosema daktari kuhusu dawa isiyopatikana.

Mwamini anaweka pedi chini. Halafu anasema, "Iko Kisarawe."

Ni ile mashine ya pili. Firdausi naye alifungua kibanda mwaka ule ule, kikadumu miezi mitatu. Wazee wa mtaa walimfuata kumwambia watoto hawafiki chuoni kusoma Kurani. Firdausi alifunga siku hiyo hiyo, akamtaka na mdogo wake afunge. Mwamini hakufunga. Hawakugombana, walikubaliana tu, bila kukubaliana, kwamba habari za gemu hazizungumzwi. Wanazungumza mihogo, misiba, ndoa, presha. Firdausi hajawahi kukanyaga kibandani. Mashine yake iko sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki.

Mwamini anachukua simu. Anaiweka sauti ya nje, labda ili asipate nafasi ya kurudi nyuma.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona saa hizi, kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Nina shida na ile mashine."

"Ya maua?"

"Hiyo hiyo. Ya kwangu jicho limekufa. Fundi anataka alitoe la kwako anipandikizie."

"Akilitoa ya kwangu inakuwaje?"

"Inakufa."

"Basi hatoi mtu jicho hapa." Didas anainamisha kichwa. Lakini Firdausi hajamaliza. "Si una hiyo diski? Njoo nayo huku. Uchezee hapa hapa kwangu, ukimaliza mashine yangu irudi chini ya maua yake. Na mimi nikione hicho kilichokutoa shambani."

Mwamini anatazama benchi. "Dada, nina watu. Wako watano."

"Watoto wa watu?"

"Watu wazima. Mmoja ofisa ardhi."

"Ofisa ardhi anacheza gemu?" Panapita kicheko kifupi, cha mtu aliyekuwa hajapanga kucheka. "Wanakula mihogo?"

Benchi zima linaitikia kwa pamoja kwamba linakula.

Simu ikishakatwa, mipango inapangwa haraka kuliko harusi. Jumamosi ijayo Raudha atabaki na kibanda. Diski na kadi atabeba Mwamini mwenyewe, ndani ya khanga. Didas atabeba televisheni yenye kichogo, maana ya Firdausi ni nyembamba na mashine ile haielewani nayo. Telesphory anauliza kama akavae tai. Anaambiwa akae kimya, ajizoeze.

Lakini Mwamini ana mpango wake ndani ya mpango, na anauweka wazi huku akirudisha kiti cha plastiki mahali pake. Nafasi moja kwenye kadi bado iko tupu. Jumamosi atamkalisha dada yake mbele, ampe pedi, aanze mwanzo kabisa, kwenye taa ya kwanza.

"Na wewe, mlango wako?" anauliza Elinipa.

"Uko kwenye kadi, hauendi popote. Kwanza yeye."

Anakaa nyuma ya televisheni. Vijana wawili wa mpira wanaanza mechi mpya, na macho yake yanarudi kwenye mikono yao, halafu, kidogo, kwenye nyuso.

"Mimi nitakaa upande huu," anasema. "Nataka nimwone dada akifika darajani."