Mjusi wa Kisiwa Kimoja, Sebuleni kwa Bwana

Nilimchukia yule mjusi tangu wiki ya kwanza. Alikuwa sebuleni kwa Mwingereza niliyempikia Nachingwea, miaka ile tingatinga zilipokuwa zinafyeka pori ili zilimwe karanga. Alikuwa amekufa zamani, amekaushwa na kujazwa pamba, akawekwa juu ya meza ndefu karibu na dirisha. Ungeweza kumfananisha na kenge aliyeshiba, ila shingo yake ilikuwa nene zaidi, rangi imepauka kama makopa ya muhogo, na mgongoni ana safu ya miba midogo. Kila asubuhi nilimfuta vumbi kwa brashi laini. Nikimgusa vibaya, bwana alinifokea.

Bwana alipata kuwa baharia. Aliniambia kwamba mjusi wa aina ile hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye kisiwa kimoja kidogo katika Bahari ya Pasifiki, na chakula chake ni mipungate, ile mimea minene yenye miba. Watu walishusha mbuzi kisiwani, mbuzi wakawa wanamaliza majani, naye aliogopa kwamba mijusi wale wangetoweka kabisa. Alipoeleza hayo sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Mimi nilisimama na trei ya chai nikiitikia "ndiyo, bwana," huku moyoni namtukana.

Sababu nilikuwa nayo. Siku chache kabla ya hapo tingatinga zilikuwa zimepita kwenye shamba la mama yangu, upande wa Ruponda. Mtama ulikuwa haujakomaa. Nyumba ilisukumwa pamoja na visiki, na aliyeonyesha mpaka wa kufyeka alikuwa bwana huyu huyu.

Mama alinifuata kwa miguu, mkeka na chungu kichwani. Alifika mchana, bwana yuko kazini. Nilimpakulia wali akakataa, akasema hali chakula cha nyumba ile. Akachungulia sebuleni, akaniuliza kwa Kimwera yule kenge anafanya nini mezani. Nikamweleza kila kitu kama nilivyoelezwa: kisiwa, mbuzi, huzuni ya bwana.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia, akambeba yule mjusi kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto, akatoka naye na kumweka chini kwenye mchanga, juani. Akatandika mkeka wake kando yake, akakaa. Ningeweza kumzuia. Sikutaka.

Bwana aliporudi alishuka garini, akasimama. Akaniuliza ni nani aliyemtoa. Kabla sijajibu, mama akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake kichache cha sokoni:

"Mimi. Wewe nyumba yangu umebomoa. Huyu naye akae nje."

Bwana hakumtazama. Alinitazama mimi, uso umemwiva. "Mwambie mama yako mnyama huyu hana mahali pengine duniani."

"Na yeye hana," nikasema.

Alipiga magoti akamwokota mjusi wake, akimpangusa mchanga kwa leso. Ncha ya mkia ilikuwa imevunjika. Alipouona ule mkia alinitaka niombe radhi. Nikakataa. Akasema kufika jioni asinione tena, na yule mama asikanyage pale. Nilivua aproni nikaitupa kwenye ngazi, nikamtwisha mama chungu chake, tukaondoka.

Tulikwenda Mbekenyera kwa mjomba. Alitupatia kipande cha pori, tena kwa sauti ya kutusimanga, na kwa misimu miwili tuling'oa visiki bila kusemeshana naye.

Baadaye karanga zilishindikana, wageni wakafungasha, bwana naye akaondoka. Ilipovuma habari kwamba mashamba ya Ruponda yamebaki wazi, nilimwambia mama turudi. Alikataa. Nikaenda peke yangu kuangalia. Udongo ulikuwa umeshindiliwa na mashine mpaka jembe likadunda, na mahali iliposimama nyumba yetu sikupajua. Nilitema mate, nikarudi Mbekenyera kwa njia ile ile. Mama alikuwa anapalilia ufuta. Hakuniuliza nilichokiona, alinionyesha tu mstari wa kuanzia.