Bati la Mbele, Makuti ya Nyuma

Ndugu mhariri, nakuomba unifichie jina, na mtaa uufiche pia. Ukisema Temeke inatosha, maana Temeke ni kubwa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, muuza vitumbua. Naishi katika nyumba aliyoniachia marehemu mama yangu, nyumba ya udongo yenye paa la makuti. Aliijenga kwa kufua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Nimeanza na nyumba kwa sababu mume wangu amesahau ni ya nani.

Mume wangu ni karani wa bohari huko bandarini. Alikuja kwangu akiwa mpangaji wa chumba cha nyuma, kapera mwenye jozi moja ya viatu, na kodi ilikuwa ikimshinda kila mwezi. Nikamhurumia, na huruma ile ndiyo iliyonifikisha kwenye ndoa. Leo ukimwona anavyokaa barazani na kalamu sikioni, utadhani alizaliwa humu.

Makuti yalipoanza kuchakaa, niliamua kuezeka kwa madebe, kama walivyoezeka wengi hapa mtaani. Vitumbua vikitoka vizuri nilinunua debe tupu la mafuta ya taa, nikampa fundi alipasue na kulinyoosha, nikalilaza uani chini ya magunia. Imenichukua miaka, lakini hakuna anayenidai. Mume wangu alikuwa akipita pale anashika pua. Alisema wenzake wa bohari watamcheka, kwamba vita vimekwisha, bati limerudi madukani, na mstaarabu huezeka bati. Nikamwambia bati nalo lataka fedha. Akanijibu kwa sauti ile anayowasemea wachukuzi:

"Watu wa mjini hukopa. Kungoja ngoja ni ushamba."

Mimi nimezaliwa papa hapa. Yeye aliletwa mjini juu ya lori la mihogo.

Basi nikafiwa na shangazi yangu Rufiji, nikaenda matangani, nikakaa mpaka arobaini. Niliporudi nikakuta paa upande wa mbele ni bati jipya linang'aa, na upande wa nyuma ni makuti yale yale. Bati alilokopa lilitosha upande mmoja tu, naye akachagua unaotazama barabara. Wapita njia waone bati, mke na watoto waone nyota. Wahenga walisema maskini akipata matako hulia mbwata, na huyu wala hakupata, alikopa.

Ukitaka kucheka, njoo adhuhuri. Chumba cha mbele kinachoma kama tanuri, na bwana karani akishawaaga wageni wake, hubeba mkeka akaja kulala nyuma, kwenye makuti aliyoyadharau. Masika yalipofika ikaonekana kwamba bati na makuti havikukutana vizuri pale juu, maji yakawa yanamwagika ukumbini, mahali anapowapitishia wageni. Akaniambia niweke sufuria. Nikaweka, na wageni wakaiona.

Hayo yote ningeyavumilia. Ila wiki iliyopita alikuja mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kuhesabu milango kwa kidole. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Samahani, bibi," akasema. "Wewe si yule mpangaji wa chumba cha nyuma, wa vitumbua? Karani ameniwekea rehani nyumba yake, na miezi inapita hajaleta kitu."

Ndugu zangu, nilitoka mbio. Nikawaita majirani waliomjua mama, wakamweleza nyumba ni ya nani. Yule mzee si mtu mbaya. Alisema hataki nyumba ya mtu, anataka chake. Atangoja mpaka Idi ipite, na asipolipwa ataleta fundi mchana kweupe aezue bati lake, kisha amshtaki karani kwa Liwali kwa kuweka rehani mali isiyo yake. Likifika huko, na kazi ya bohari ndiyo imekwisha.

Jioni nikamkabili mume wangu. Hakukana, wala hakuomba radhi. Aliketi vile vile kwenye kiti chake.

"Uza hayo madebe yako, mama watoto, tumalize," akasema. "Nyumba si yetu sote?"

Nikamuuliza kwa nini alimwambia mtu kwamba mimi ni mpangaji. Akasema hayo yalikuwa maneno ya biashara tu, nisiyatie moyoni. Nimeyatia moyoni, na yananiuma. Mama yangu alifua nguo maisha yake yote ili mimi nisiwe mpangaji wa mtu.

Kukopa harusi, kulipa matanga, lakini harusi alikula peke yake na matanga ananiletea mimi. Madebe yakiuzwa, deni litaisha, na nyuma makuti yaliyooza yataendelea kuwavujia wanangu. Nisipouza, baba yao ataezuliwa paa mtaa mzima ukitazama, na huenda akakosa kazi. Somo yangu aliyenifunda ananiambia mume ni vazi, nimsitiri. Nami namsikia somo yangu, namheshimu, ila nikilitazama hilo vazi lenyewe barazani linavyojipepea kwa gazeti, mkono unakataa kufunua yale magunia.

Nishaurini, kina mama na kina baba mnaosoma ukurasa huu, nifanye nini? Ila atakayeniambia niuze madebe anijibu kwanza hili: tangu lini mpangaji akamlipia mwenye nyumba deni la paa?