Papa Aliyekataa Kuinama

Nyinyi vijana mutakaosoma haya, najua mutacheka. Mutoto wangu mwenyewe alicheka, na yeye ndiye aliyelala chini siku ile. Miye sikusoma sana, niliacha shule mwaka wa tatu huko Masisi, lakini macho sikuyaacha kule. Nilichokiona nilikiona asubuhi, kumepambazuka, na sikuwa nimekunywa kitu isipokuwa chai. Siwaombi muniamini. Fuateni tu kile nitakachosema mwishoni.

Tuna pikapu ya zamani. Mume wangu aliiacha, motere yake ni kubwa, silinda sita, inakunywa mazutu, ile dizeli, kama ng'ombe aliyetoka juani. Faustin, mutoto wangu, ndiye shofere. Miye nakaa mbele pamoja naye, kwa sababu fromaji, jibini yetu ya Masisi, ni zangu na sitaki mutu mwingine azipange. Tunapanda Masisi, tunashuka na fromaji na viazi, tunapita Sake, tunaingia Goma. Ndiyo kazi inayotulisha. Faustin ndiye mutoto niliyebaki naye. Wengine wawili niliwazika.

Basi pikapu ikaanza kuchemka. Feni yake ya zamani ilikuwa imefungwa kwenye motere yenyewe: motere ikizunguka nayo inazunguka, motere ikizimika nayo inasimama. Bawa moja likakatika. Tulitafuta nyingine ya namna ile Goma yote, haikupatikana. Ndipo Papa Kasereka, mekanisie jirani yetu, akasema ataiondoa kabisa, aweke feni mbili za umeme alizozitoa kwa gari ndogo iliyokufa. Siye huku tunaziita vantilatere.

"Mama, hizi hazingojei motere," akaniambia. "Zinakula ku batri. Motere yako itapumua sasa."

"Na miye nitapumua lini?" nikamuuliza. "Kila mwezi unafungua kapo na hakuna kinachopona."

Akacheka. Kasereka hakasirikake, ndiyo maana bado ni jirani yangu.

Alizifunga kwenye parsele yetu, pale uani, mchana, nyuma ya radiatere, ili zivute upepo wa mbele uingie ndani upoze maji. Ndivyo inavyotakiwa: zivute. Shikeni neno hilo.

Akiwa kazini, akaingia papa mumoja, muzee nisiyemujua. Mulango ulikuwa wazi, na kwetu mutu akiingia kwa salamu hafukuzwi. Alivaa koti ya kahawia iliyofungwa mupaka shingoni. Viatu vyake vilikuwa na udongo mweusi. Puani alikuwa na pamba, matundu yote mawili. Nikafikiri ni damu ya pua. Nyinyi mungemuuliza mugeni kwa nini ana pamba puani? Miye sikumuuliza. Nikamupa kiti na chai.

"Asante, mama. Nitasimama."

Akaweka kikombe kwenye kiti, akasimama kando ya kapo, kifuniko cha motere, akaangalia kazi. Mara turnavisi, bisibisi yake, ikamuponyoka Kasereka, ikaanguka mbele ya viatu vya yule papa.

"Muzee, niokotee hiyo."

"Kuinama, hapana. Siinamake tena."

"Ni mugongo?"

"Ni kuinama tu."

Kasereka akashuka mwenyewe akaiokota. "Hee, leo tumetembelewa na chefu wa kijiji!" akasema. "Huyu hata viatu anafungwa na muke wake!"

Yule papa hakucheka. Akauliza: "Motere ikizimika, hizi zitazunguka?"

Kasereka akamueleza kwamba atazifunga pamoja na ufunguo wa gari, ili gari ikizimwa nazo zizimike.

"Ziache zizunguke. Weka butoni karibu na usukani, fili moja kwa moja ku batri."

"Na batri ikikauka?"

"Batri inajazwa tena."

Sijui kwa nini Kasereka alimutii. Ni mutu mubishi, hata padri anabishana naye. Lakini alifunga hivyo hivyo, na yule papa ndiye aliyemushikia fili, zile nyaya nyekundu na nyeusi, akimupa moja moja. Walipomaliza akanigeukia.

"Mama, munapitaka Lac Vert?"

"Kila juma tunapita, ndiyo njia yetu ya kuingia Goma."

"Ni vizuri," akasema, akatoka. Chai nikaikuta kwenye kiti, kikombe kimejaa.

Juma lile tukapanda Masisi. Pikapu ilichemka kuliko zamani. Faustin akafungua kapo, akabonyeza butoni, akaweka mukono mbele ya radiatere, akatukana, nikamukemea. Upepo ulikuwa unatoka badala ya kuingia. Fili zilikuwa zimegeuzwa. Zile vantilatere zilikuwa zinapuliza kwenda mbele, zinashindana na upepo wa njia. Akamupigia Kasereka simu, nami nikasikia yote.

"Papa Kasereka, umetufungia feni za kukausha nguo?"

"Hapana! Nyekundu niliweka ku nyekundu! Naapa mbele ya watoto wangu!"

"Basi ni gari yangu ndiyo haijui rangi."

Wakakubaliana kwamba tukifika Goma atazigeuza. Tukashuka polepole, tukalala Sake, na mvua ikanyesha mupaka asubuhi.

Tulipoondoka Sake tulikuwa na magunia mawili ya viazi ya kupeleka Lac Vert, kwa nyumba moja yenye matanga, ndani, mbali na barabara. Njia ya kawaida ilikuwa imejaa maji. Faustin akashika kanjia ka pembeni, katikati ya mawe ya volkano, kanashuka kwenye bonde dogo lililo kama sahani. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani moja. Tulipofika katikati, motere ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Watu wa Goma tunajua mazuku. Wewe usiye wa huku, sikiliza: ni hewa mbaya inayotoka ndani ya ardhi yetu. Huioni, huisikii harufu. Ni nzito, inakaa mashimoni kama maji. Aliyesimama inaweza kumuishia kiunoni. Aliyeinama anaivuta. Inaua mbuzi, inaua mutoto, inaua mukubwa aliyelala. Hata moto wa kiberiti unazimika ndani yake. Nilijua hayo yote tangu nilipohamia Goma. Lakini gari ikizimika, mutu anafikiri mazutu, hafikiri mazuku. Ndilo kosa tulilofanya, na siwafichi.

Faustin akatia ufunguo mufukoni, akashuka. Alisema bomba la maji litakuwa limechomoka. Akalala chali, kichwa chini ya pua ya gari. Nikasikia anagonga kitu mara moja, mara mbili. Kisha basi.

"Faustin."

Nikapiga dashibodi kwa kiganja.

"Faustin, umelala huko?"

Nikafungua mulango, mguu mumoja nje. Ndipo nikamuona yule papa. Alisimama mbele ya gari, hatua kumi hivi, koti ile ile, pamba ile ile. Miguuni pake kulikuwa na ndege wawili wamekufa. Yeye alisimama wima kama nguzo, mahali ambapo, aki ya Mungu, mutu mwenye pumzi angetafuta kutoka. Akainua mukono.

"Usishuke, mama. Usiiname. Butoni."

Hakupaza sauti. Alisema kama mutu anayekukumbusha kwamba umesahau chumvi. Na miye ninayeamuru kila mutu kwangu, nikatii. Nikarudisha mguu, nikabonyeza.

Motere ilikuwa kimya, ufunguo uko mufukoni mwa Faustin chini ya gari, lakini vantilatere mbili zikaamka, zikalia, zikapuliza hewa ya juu kwenda mbele, pale pale kichwa cha mutoto wangu kilipokuwa. Fili zingekuwa sawa, zingevuta. Zingemuvutia usoni hewa yote ya shimo lile. Na zingefungwa pamoja na ufunguo, zingelala naye. Munaelewa sasa?

Sijui ni dakika ngapi. Nilisali Salamu Maria, nikihesabu kwa vidole, na nilifika kumi na saba. Katika ya kumi na nane nikasikia kikohozi. Mukono wake ukashika bampa.

"Simama!" nikamuambia. "Usikae, simama! Panda juu!"

Akasimama kama mulevi, akatapika, akapanda kwenye kapo, kutoka kapo akapanda juu ya kabini. Nami nikapiga honi bila kuacha. Watu wa matanga wakaja na kamba, wakasimama juu ya mawe, hawakushuka. Walimurushia kamba, akajifunga, wakamuvuta. Miye walinivuta nyuma yake, nikiwa nimesimama, kidevu juu, kama wanavyojua wao. Nilipogeuka kuangalia, yule papa hakuwako. Ndege wawili walikuwako.

Ndipo akili yangu ikafika kwenye ile pamba. Miye ni mama wa parokia. Tunaoshaka maiti. Pamba ya puani naiweka kwa mikono hii, nimeiweka kwa watu wengi kuliko nitakaowataja, nimeiweka kwa watoto wangu wawili. Na huyu alisimama kwenye parsele yangu mchana mweupe, nikafikiri ni damu ya pua, nikampatia chai.

Nikawauliza wamama wa matanga: ni nani huku aliyevaaka koti ya kahawia? Wakaangaliana.

"Mama, unamutafuta yupi?" mumoja akasema.

Kumbe ni watatu walioishia shimo lile. Mumoja aliinama amuinue mbuzi wake. Mumoja aliinama amuinue huyo aliyeinama. Wa tatu aliinama aokote kiatu. Wote watatu walizikwa na koti zao, na rangi hakuna aliyeikumbuka sawasawa. Sikuuliza zaidi. Matanga ilikuwa ya mutu mwingine, na haikuwa vizuri kuwaletea yangu.

Faustin aliumwa kichwa siku nyingi. Mupaka leo kuna maneno yanamukimbia, anakuangalia tu, kisha yanarudi. Halali tena chini ya gari. Alipopona akacheka, akasema mama, yule ni mutu tu wa Lac Vert aliyekuwa anapita. Nikamuuliza: na alipita wapi?

Kasereka akaja na vyombo vyake kurekebisha zile fili.

"Mama, ni dakika mbili."

"Aliyezigeuza hajaniambia zirudishwe."

"Lakini gari inachemka!"

"Ichemke."

Akafikiri, akaja na akili nyingine. "Basi niweke butoni ya pili. Moja ivute, moja ipulize. Utachagua."

"Siku ile nikitetemeka, unajua mukono wangu utapata ipi?"

Akafunga sanduku lake. Tangu hapo tunabeba bido nne, madumu, za maji. Kila mupando wa mulima tunasimama, tunangoja motere ipoe, tunamwagia radiatere, tunaendelea. Shofere wengine wanatupita wakiniita bibi kizee kwa kelele: "Koko, umeivisha maharagi?" Nawaachia wacheke. Fromaji zinafika zimechelewa, lakini zinafika na aliyezibeba.

Sasa nyinyi vijana. Pale Lac Vert na sehemu zote za namna ile, asubuhi, zaidi mvua ikiwa imenyesha na upepo hakuna, ukiona ndege au mujusi amekufa kwenye shimo, usiingie. Gari ikizimika ndani yake, usishuke kuangalia, piga honi. Kitu kikianguka, kiache. Mutu akianguka, usimuinamie, hata akiwa ndugu yako; ita watu, lete kamba. Wale watatu, hakuna hata mumoja aliyekuwa mujinga. Waliinama tu, kama mutu anavyoinama kila siku.

Na kwa nyumba yangu nimeamuru hivi, Faustin na muke wake wamesikia, Kasereka naye amesikia ingawa si wa kwetu. Fili nyekundu inabaki ku nyeusi, mutu asiiguse hata nikifa. Papa wa koti ya kahawia akiingia tena, mumupe kiti, hata akikataa, na chai, hata asipoinywa. Na kitu kikianguka miguuni pake, mutu asithubutu kumuomba aokote.