Mama Mkwe na Paa la Boti

Kikosi chetu cha ulinzi wa majini kilifunzwa kujiandaa kwa tetemeko la ardhi. Sijui nani aliamua hivyo. Kwa wiki nzima pale Kisumu tulijificha chini ya meza, tukavaa kofia ngumu na kuchimbua vifusi ambavyo sisi wenyewe tulikuwa tumevirundika asubuhi. Niliuliza kama kuna anayekumbuka jengo lolote mjini lililoangushwa na ardhi badala ya mkandarasi. Mkufunzi akanijibu kwamba niko huru kurudi nyumbani na shahada yangu ya falsafa. Kisha mvua zikaja. Ardhi ilitulia kama ilivyozoea, ziwa ndilo lililoingia vijijini.

Ndivyo tulivyogeuka watu wa misaada. Asubuhi tulitoka ufuo wa Dunga kwa boti, tukiwa na magunia ya unga na blanketi, tukapita juu ya mashamba ya Kano yaliyokuwa yamezama, na jioni tukarudi na watu. Usukani ulikuwa mikononi mwa sajini, mzaliwa wa Lamu, ambaye ziwa letu aliliita dimbwi. Mimi aliniita Profesa, wala si kwa heshima.

Siku moja, tukiwa tunashusha unga kwenye shule iliyogeuzwa kambi, mwanamume mmoja alitujia mbio. Mama mkwe wake alikuwa amebaki nyumbani peke yake. Mke wake alikuwa kambini na mtoto mwenye homa, hawezi kutoka, hivyo ni mwanamume huyo tu aliyeijua njia. Tulimpandisha pamoja na magunia yaliyobaki. Bila yeye tusingefika, maana kila kitu kilikuwa maji na magugu. Alituongoza kwa vilele vya miti kama mtu anayesoma mabango ya barabarani.

Tulimkuta mama juu ya kichuguu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mbuzi wawili wakiwa wamemwegemea. Maji yalikuwa yameanza kulamba miguu ya kiti. Sajini alikisogeza chombo karibu, injini ikinguruma dhidi ya mkondo, nami nikanyoosha mkono.

Mama aliutazama mkono wangu, akachungulia nyuma yangu, kisha akajifunika uso kwa leso.

"Huyo ni nani ameketi humo ndani?"

Nikamwambia ni mkwe wake, ndiye aliyetuleta.

"Basi nendeni. Mungu awabariki."

Sajini alidhani masikio yake yamemdanganya. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu Wajaluo mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chini ya paa moja. Wakifanya hivyo huja chira, laana inayowakondesha wajukuu mpaka wanakwisha. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba ni kwa sababu haifanyiki. Chuoni nilifundishwa kwamba hiyo inaitwa hoja ya mzunguko. Ila pale kwenye kichuguu palikuwa na mwanamke mwenye mjukuu mgonjwa, naye hakuwa na haja na mihadhara yangu.

"Bibi, maji yatakuchukua," sajini alisema.

"Yachukue. Mimi nimekula miaka yangu. Huyo mtoto bado."

Mkwe naye alikuwa ameshajigeuza kuelekea nyuma, gunia tupu kichwani ili asimwone. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tumshushe yeye kichuguuni, tumpeleke mama, halafu tumrudie. Nikamuuliza kama anajua kuogelea. Hakujua. Sajini akagonga kipimo cha mafuta kwa kidole: ya kurudi mara ya pili hayakuwepo. Gogo likapita likizunguka, likagonga ubavu wetu, na mbuzi mmoja akateleza nusura asombwe.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, babu zetu wote, na yeyote aliyekaa siku ya kwanza akatunga sheria bila kufikiria mafuriko. Kwa hasira hiyo nikamuuliza:

"Mama, na siku ya soko mkikutana?"

"Tunasalimiana. Kila mtu upande wake."

"Na chira?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Nyathina, mwanangu, soko lina paa?"

Nikainua macho. Juu yetu lilikuwa turubai la buluu lililofungwa kwenye fremu ya mabomba, na plastiki ubavuni kuzuia upepo. Ilikuwa sebule inayoelea. Nikaanza kufungua kamba.

"Profesa, hiyo ni mali ya serikali."

"Na huyu bibi ni mali ya nani, afande?"

Sajini alitukana kwa Kiamu cha kwao Lamu, matusi yenye vina kabisa, kisha akanirushia kisu chake. Nikakata. Tuliufunika unga kwa turubai, na mvua ikatushukia vichwani kana kwamba ilikuwa inasubiri foleni.

Mama alishusha leso kidogo, akayakagua mabomba. Akataka kujua kama hayo hayahesabiki.

"Mama, unalowa?"

"Nalowa."

"Basi hakuna nyumba hapa."

Akawatanguliza mbuzi. Kisha akaniletea mkono wake, mwepesi, baridi, akapanda. Alikaa mbele akitazama mbele, mkwe nyuma akitazama nyuma, na unga peke yake ulisafiri kistaarabu.

Kambini alishuka wa kwanza. Tayari ilikuwa imeshaamuliwa kwamba atalala darasani na bintiye, na mkwe atalala kanisani, ng'ambo ya uwanja. Aliposimama nchi kavu, mgongo kwa boti, alinivuta shati.

"Muulize kama amelowa."

Mkwe alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Nikamuuliza, kwa Kijaluo kilekile alichokwisha kukisikia.

"Mwambie kidogo tu."

Nikamwambia.

"Mwambie abadilishe shati, atapata nimonia, na mimi nina mkwe mmoja tu."

Mtu akacheka chini ya gunia. "Mwambie asante mama."

Mama alikuwa amesikia. Niliona bega lake likishuka. Lakini hakusogea. Alisimama mvuani, akingoja, mpaka nilipomwambia.