Barua ya Kuvukia Sirari

Mama yangu aliolewa na bibi yangu. Kwetu Busawe hakuna anayeshangaa, lakini nimechoka kulieleza jambo hili kwa watu wa mbali, kwa hiyo nalisema mara moja. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa msichana ili nyumba isifungwe. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Msichana huyo ndiye mama yangu, na watoto aliowazaa ni watoto wa nyumba ya bibi. Mwanamume aliyepita kwake hana lake. Hatajwi, na hadai kitu.

Nilikulia ndani ya utaratibu huo bila kuulalamikia, mpaka nilipotaka kuvuka mpaka kwa pikipiki.

Safari tulipanga wawili, mimi na jirani yangu wa gereji pale Tarime mjini. Yeye ni fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, lakini Kikurya anakizungumza vizuri kuliko mimi. Tulitaka kufika Jinja, Uganda, tukaone mahali mto Nile unapotoka katika ziwa hili hili letu. Kila jioni baada ya swala ya alasiri alikuja gereji, tukainamia karatasi ya kalenda ya zamani ambayo nyuma yake nilikuwa nimechora njia: Sirari, Migori, Kisumu, Kakamega, Kitale, Malaba, Jinja.

Siku ya tatu akaweka kidole juu ya Kitale.

"Bwana, Kisumu mpaka Busia ni moja kwa moja, halafu uko Uganda. Huku juu tunakwenda kufanya nini?"

"Hewa nzuri," nikamjibu.

"Hewa hata hapo Nyamwaga ipo."

Nikamwambia kama hataki abaki na cherehani yake. Akaondoka, na kwa siku mbili hakuja. Mimi ndivyo nilivyo, nikiguswa penye kidonda nauma mkono. Kitale ndiko alikotoka dereva wa lori la ng'ombe aliyenizaa. Mama aliniambia hivyo mara moja tu, akiwa amekasirika, na hakurudia tena.

Kilichotukwamisha hakikuwa Kitale. Ilikuwa kadi ya pikipiki. Nilipoinunua, bibi aliuza ng'ombe watatu wa nyumba, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa wa nyumba, mimi mjinga niliona ni haki kadi iandikwe jina lake. Hakuna mtu wa Dar es Salaam ambaye angefanya kosa hilo. Wakala wa karatasi pale mpakani Sirari aliipindua kadi mara mbili, akacheka.

"Hii logbook si yako, boss. Huyu mama ni nani wako? Leta barua yake, ipigwe mhuri wa kijiji, ama usahau."

Nikapanda kwenda Busawe. Bibi alikuwa uani anapeta ulezi, mama yuko jikoni. Nilimwamkia shikamoo, nikaeleza shida yangu. Aliendelea kupeta.

"Unapita miji gani?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipoharibu. Bibi hajui kusoma, lakini ujanani aliswaga ng'ombe mpaka minada ya kule ng'ambo, na miji ile anaijua kwa kusikia. Nami nikamtajia yote, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto anayehesabu mbele ya mwalimu. Nilipofika Kitale ungo ulisimama.

"Nenda kwa miguu," akasema. "Pikipiki ni yangu."

"Bibi, ni matembezi tu."

"Mura, wewe kijana, mimi si mtoto. Unakwenda kumpelekea mtu nyumba yangu."

Nilirudi Tarime na hasira mpaka kwenye meno. Wiki iliyofuata nikaenda tena, nikakuta ameichukua kadi kutoka kwenye begi la mama nilimokuwa nimeiacha siku ile, ameifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo ameutia kwenye kamba kiunoni. Hakunikaribisha uji. Mama naye alinipita na ndoo bila kunitazama, na nilipomfuata kisimani alisema neno moja tu: "Usiniulize."

Nakiri nilimchukia bibi siku zile. Nilimchukia kwa sababu alikuwa amenisoma, na kwa sababu mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye gereji na watoto, alikuwa anaomba ruhusa kama mchunga ndama. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kupata bima ya kuvukia mpaka na bima hiyo ilikuwa inakula siku. Aliniambia bila kuficha kwamba asiponiona na barua Ijumaa, ataondoka peke yake.

Kwa hiyo nilikwenda mara ya tatu, na mara hiyo sikuketi. Nilisimama mlangoni, nikasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia:

"Wewe hukunizaa. Ng'ombe hawazai watu. Wewe si baba yangu."

Bibi alikuwa ameshika kijiti cha kuchochea moto. Alikiweka chini polepole. Mama akatoka jikoni akanifungia mlango usoni. Njia nzima kurudi nilijiambia kwamba nimesema kweli. Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu sikuweza kula.

Alhamisi mtendaji wa kijiji akanipigia simu. "Njoo ofisini. Bibi yako yupo hapa tangu asubuhi."

Nilijua nimeshtakiwa. Kumtukana mzee kwetu ni kesi, na nilikwenda nikipanga maneno ya kujitetea, makali yote. Nikamkuta bibi kwenye benchi, amevaa kitenge chake cha kanisani, kadi ya pikipiki mapajani. Mtendaji alikuwa na karatasi mbele yake, kalamu mkononi, na uso wa mtu aliyebanwa.

"Ni barua yako," akaniambia. "Tumekwama kwenye mstari mmoja. Uhusiano wa mwenye chombo na anayekitumia. Mimi nimesema niandike bibi. Yeye hataki."

"Andika baba," bibi akasema.

"Bibi, wewe ni mwanamke. Mpakani watacheka."

"Wacheke. Ng'ombe wa kumwoa mama yake alitoa nani?"

Mtendaji ni Mkurya kama sisi. Aliangalia dirisha, akaangalia kalamu, akaandika. Bibi alichovya dole gumba kwenye kidau cha wino, akaligandamiza kwenye karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mhuri ukapigwa. Kisha akanikabidhi barua, na ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu ile siku.

"Ukimkuta huyo mtu wa Kitale, mpe asome. Akimaliza, mnyang'anye, urudi nayo. Na pikipiki yangu."

Nilisoma mstari ule. "Mimi niliyetajwa hapo juu, baba wa mwombaji." Maneno yangu yote makali yalikuwa bado mdomoni na hayakuwa na pa kwenda. Ningependa kusema nilimwomba msamaha. Sikumwomba. Nilijaribu, nikasema tu kwamba jua ni kali, asirudi kwa miguu.

Alipanda nyuma, miguu yote upande mmoja. Akanishika mkanda wa suruali kwa mkono ule wenye wino, akaukaza, kama anavyoshika kamba ya ng'ombe ambaye bado hajamwamini.