Jiko la Pipa na Mlango wa Mama Mkwe

Watu wa pwani wakinisikia nasema Dodoma kuna baridi hunicheka. Wacheke. Hawajasimama kwenye banda la bati asubuhi ya mwezi wa saba, upepo unapita chini ya mlango kama una haraka zake, na patasi ni ya baridi hata huna hakika kama umeishika. Mimi nimesimama humo miaka mingi, wakati wa Mwingereza, nikifanya useremala na baba mkwe wangu.

Baba mkwe hakuwa mtu wa kulalamika. Ndiyo maana nilishtuka siku alipoweka randa chini, akakaa juu ya gogo na kuanza kuvitazama vidole vyake. Kila kipupwe vilikuwa vikikakamaa kidogo, lakini mwaka ule viligoma kabisa.

"Hali ikiendelea hivi, narudi kijijini kuchunga mbuzi," aliniambia. "Mbuzi hawahitaji vidole."

Alisema huku akicheka, mimi sikucheka. Nilimjua mzee yule. Ukimtenga na mbao hamalizi miaka miwili.

Nyuma yake, zimeegemea ukutani, zilikuwepo mbao za mninga zilizokwisha kukatwa kwa kipimo. Ulikuwa mlango wa nyumba yake mwenyewe, aliomwahidi mama mkwe tangu kabla sijaoa. Nusu ya mji ilikuwa inalala nyuma ya milango ya baba mkwe, na mkewe huko kijijini alifunga tembe lake, nyumba ya udongo, kwa fito zilizofungwa kamba. Kila mzee alipougusa mlango ule, mteja alibisha hodi. Sasa wateja walikuwa wachache na vidole ndivyo vilivyokosekana.

Nikaamua kwamba banda lazima lipate moto. Jiko la mkaa mzee alilikataza, na alikuwa na haki, maana sakafu nzima ilikuwa maranda makavu. Ilibidi moto uwe ndani ya kitu kilichofungwa. Nilikwisha kuona jiko la namna hiyo, la chuma na lenye bomba, nyumbani kwa Mzungu mmoja wa reli nilikokwenda kutengeneza kabati. Nikaokota pipa la lami lililotupwa na wajenzi wa barabara, nikalichoma mpaka lami yote ikaisha, nikalitoboa mdomo wa kutilia kuni na kuliweka juu ya mawe. Mhindi mwenye duka la jirani akanipa madebe matupu ya mafuta ya taa. Niliyapasua, nikayakunja yakawa bomba, nikalitoa nje kupitia ukutani.

Tatizo likawa kwenye maungio. Moshi ungevuja kila mahali. Mtaa wa pili alikuwepo fundi bati ambaye angemaliza kazi ile kabla chai haijapoa, lakini baba mkwe na mimi tulikuwa na kiburi cha maseremala. Kwetu sisi, kinachoachana kinatiwa gundi. Basi tukachemsha gundi yetu, ile ya kwato na ngozi, tukalipaka bomba zima kwa ustadi mkubwa, tukalisifu.

Asubuhi yake tukawasha. Kwa muda mfupi ilikuwa raha tupu. Kisha gundi ikafanya kile ambacho gundi ile hufanya kila siku ikiwekwa motoni, jambo tulilolijua kuliko mtu yeyote mjini. Iliyeyuka. Ilidondoka juu ya pipa la moto, ikanuka kwato zilizoungua, moshi ukajaa, na mbwa wa mtaa mzima wakaja kuuliza nyama iko wapi. Tulitoka nje tunakohoa na kucheka. Halafu mzee akaacha kucheka, akaficha mikono kwapani.

"Basi," alisema. "Tumejaribu."

Neno lile liliniuma kuliko moshi.

Mke wangu alinisikiliza jioni ile, akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaenda kijijini, akarudi na mama yake, kila mmoja na karai la udongo wa kichuguu kichwani.

Kwa desturi ya kwetu, mtu hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye ana kwa ana. Nilitoka bandani kabla hajaingia, nikasimama nje na upepo wangu. Mle ndani alikanda udongo kwa majivu na kinyesi cha ng'ombe, kama alivyozoea kukandika tembe lake, na mke wangu alisimama mlangoni kupeleka maneno.

"Mama anauliza nani alitia gundi."

"Mwambie ni baba."

"Mama anasema acha kumsingizia mume wake."

Tuliuacha udongo ukauke taratibu, tukawasha moto mdogo, kisha mkubwa. Haukuvuja hata uzi wa moshi. Baba mkwe alikaa mbele ya pipa, mikono mbele, akafungua kidole kimoja kimoja. Alisimama, akapita kazi za wateja zote, akashika zile mbao za mninga.

Tuliupeleka mlango kijijini kwa mkokoteni wa punda, tukaupachika siku mama mkwe alipokuwa shambani.

Zamani nikifika pale nilisimama mbali, karibu na zizi, kwa sababu fito zilionyesha kila kilichokuwa ndani. Siku niliyofika baadaye, peke yangu, nimebeba chumvi na sukari, mlango ulikuwa umefungwa. Nikasogea mpaka kizingitini.

"Shikamoo, mama."

Kisha sauti ikatoka upande wa pili, bila mtu wa kati.

"Marahaba, mwanangu. Vidole vya mzee vinaendeleaje?"

"Vinashika, mama. Mlango huu mimi nilimshikilia mbao tu. Ameziranda mwenyewe."

Nikasikia kiganja chake kikipita juu ya mbao kwa ndani, polepole, toka juu hadi chini.

"Asante," alisema.

Nikamwambia asante ni yako, mama, kwa udongo ule, na nikamsikia akicheka, karibu kabisa, unene wa ubao mmoja tu kati yetu.