Miaka Mbili Yenye Nilikata

Asubuhi ile nilikuwa napepeta sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye lungo, mutoto wangu akaniletea telefone na kuisimamisha mbele ya macho yangu. Telefone ndani ya nyumba iko moja, yangu, na yeye anaiomba siku ya Mungu tu, kisha ya misa. Kwenye kioo kulikuwa maandishi ya Kifaransa. Kifaransa changu kiko cha sokoni, cha kuhesabu na kutukana, basi nikamuambia asome.

Akasoma pole pole, vile wanawafundisha masomoni. Compte yake, akaunti ya kuongea na watu, imefungwa, juu hajafikisha miaka yenye inahitajika. Iko na siku makumi tatu za kuonyesha kama amefikisha miaka kumi na tatu. Siku hizo zikipita, vyote vyenye viko ndani vitafutwa na havitarudi.

Nikamuuliza aliandika miaka ngapi. Akasema kumi na mbili. Akaeleza: compte hiyo alifunguliwa na binti ya kaka yangu, na yule aliandika miaka yake mwenyewe, ya mutu mukubwa. Juzi machine ikauliza tena siku ya kuzaliwa, na safari hii yeye mwenyewe akajibu. Nikarudi kwenye sambaza zangu. Nilikuwa nimechoka tayari, na jua halijapanda. Mutoto huyu iko na miaka kumi na nne, na nilifikiri yeye mwenyewe hajui.

Acha nieleze bila kuzungusha. Tulihamia Bukavu kutoka Nyangezi mutoto akiwa na miaka nane, na hakuwa ameketi darasani hata siku moja. Kwanza alikuwa mugonjwa-mugonjwa, kisha yakaja mambo ya kukimbia vita, unarudi, unakimbia tena, na mwaka unapita. Masomo ya masista, shule yenye ilikuwa karibu na nyumba, ilipokea watoto wa miaka sita kwa mwaka wa kwanza. Sita, haiko nane. Directrice, mukubwa wa masomo, aliniambia nimupeleke pengine. Pengine wapi? Mutoto alikuwa mudogo wa mwili, kila mutu alimuona hivyo. Nikaenda tribunal, kwa hakimu, na mashahidi wawili, kaka yangu na jirani, tukaapa kama alizaliwa miaka mbili baada ya ile siku nilimuzaa kweli. Karatasi ya kuzaliwa ikatoka na muhuri wake.

Hapa kwetu hakuna mwenye atashangaa. Mucheza mupira anakata miaka, mwenye anatafuta kazi anakata, na mujane mwenye anataka kuolewa tena anakata mpaka anakaribia miaka ya binti yake. Kila mutu iko na miaka ya Mungu na miaka ya karatasi. Bwana yangu peke yake ndiye alinuna. Alisema mutoto haiko muhogo, ukate kipande chenye hukitaki ukabakishe kingine. Nikamujibu kama iko na masomo ingine mufukoni aitoe tuione. Akatia sahihi, akatoka nje, na mangaribi ile hakula.

Mutoto mwenyewe nilimuambia mara moja tu, nikimuvalisha uniforme: wakikuuliza, uko na miaka sita. Akaniangalia, akatoka nje. Nikafikiri imekwisha. Mutoto wa kijiji, nani alikuwa anamuhesabia?

Sasa huyu bwana. Miaka tatu imepita tangu aende Kolwezi kutafuta kazi ya kutengeneza magari. Mwaka wa pili nikasikia kuna mwanamuke. Mimi niko mutu wa hasira, sifichi. Nilimutukana kwenye telefone mpaka jirani wakafunga madirisha, kisha nikatoa simkadi nikaivunja kwa meno. Kwa meno yangu, ndiyo. Tangu hapo hana namba yangu, na mimi yake siitaki. Ndugu zake wako Idjwi, na hao hawakunipenda hata siku ya mahari.

Lakini mutoto wangu, binti yake huyu, alimupata. Alimutafuta ndani ya ile compte mpaka akamuona, na kila siku ya Mungu baba anamutumia sauti. Mutoto anabeba telefone nyuma ya jiko, anaketi chini, anasikiliza, anacheka. Mimi naosha sufuria kwa kelele ili nisisikie, na bado nasikia. Umekula? Umesoma? Lile jino lako limepona? Mimi haniulizi. Na sitaki aniulize.

Basi compte hiyo ndiyo ilikuwa njia ya pekee kati ya mutoto na baba yake. Hakukuwa na ingine.

Nitasema na hii, hata kama ni haya. Siku kumi za kwanza sikufanya kitu, na ndani ya moyo nilifurahi kidogo. Machine ya mbali, yenye hainijui, ilikuwa imefanya kazi yenye mimi sikuwa na roho ya kufanya. Nani angenilaumu? Siku ya Mungu ikafika. Mutoto akatoka misa, akavua nguo nzuri, akaenda nyuma ya jiko kama kawaida, mikono mitupu, akaketi pale. Siku ya Mungu yenye ilifuata, vilevile. Hakulia wala hakuniomba, na mimi nikakasirika juu haniombi. Nikamugombeza juu ya sufuria yenye haikuwa na uchafu. Akaichukua akaiosha tena.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikamushika mukono tukaenda kwa papa wa photocopie, baba mumoja wa dukani, pale watu wanaandikisha barua na kutoa karatasi. Huyu papa anajua mambo ya machine, na anajua kila shida ya kila mutu wa ile barabara. Akasoma maandishi, akasema njia ziko tatu. Ya kwanza, karte ya banki ya muzazi. Tukaangaliana. Banki za muji zimefungwa tangu vita ifike, makufuli kwenye milango, na hata zikiwa wazi mimi sijawahi kuwa na karte yao. Ya pili, mutoto aweke uso mbele ya telefone, machine imuangalie ikisie miaka. Tukamuketisha kwenye kiti. Geuka kushoto, geuka kuume. Kioo cha telefone yangu kimepasuka, na hata kale kajicho kake ka kupiga picha kana mukwaruzo. Mara tatu machine ikasema haijui. Mara ya nne ikasema inatosha, tusijaribu tena.

Ikabaki ya tatu, karatasi. Mutu mukubwa iko na karte ya uchaguzi, lakini mutoto iko na nini? Nikatoa ile karatasi ya tribunal. Papa akavaa miwani, akainama.

"Maman, hii nayo inasema kumi na mbili."

Nikamutuma mutoto nje akanunue mandazi. Alipotoka, papa akapunguza sauti. Aliniambia haiko shida, ataiingiza kwenye computer, atabadilisha namba moja tu ya mwaka, dakika tano. Nimuambie tu mwaka wenye nataka. Nusura nicheke. Ili karatasi ile iseme ukweli, ilibidi tuighushi.

Na nilikuwa karibu kukubali, nasema wazi. Lakini karatasi kama ile iko kwenye kabati ya directrice. Mutoto iko mwaka wa sita, na mutihani wa serikali uko karibu. Karatasi mbili za namba moja na miaka tofauti, siku moja zitakutana kwa mukono wa mutu mubaya. Wahenga walisema njia ya muongo ni fupi, na mimi yangu nilikuwa nimeitembea miaka sita, miguu inaniuma. Nikamushukuru papa, nikarudisha karatasi ndani ya plastiki.

Siku mbili kisha, nikamuachia jirani sambaza zangu, nikapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka Nyangezi, kwenye parokia tulimubatizia. Mvua ilikuwa imenyesha, na mahali pengine nilishuka nikatembea kwa miguu, viatu mukononi. Nilikuwa nahesabu siku zenye zimebakia na kumutukana bwana yangu moyoni, kisha najitukana mimi, kisha namurudilia yeye. Vile ndivyo barabara iliisha.

Sekretere wa parokia alikuwa muzee mwenye blanketi mabegani. Akaniuliza mwaka na mwezi, akateremusha kitabu kikubwa, akaanza kufungua kurasa akilowesha kidole. Akamupata. Jina la mutoto, jina langu, jina la baba, na siku yenyewe, ile ya kweli, imeandikwa kwa wino wa bluu. Ile siku ya ubatizo nilikuwa bado mugonjwa wa kuzaa, na ni baba yake alimubeba mpaka altare, akakataa kumupatia mutu mwingine. Nilikuwa nimesahau. Uchungu ukanishika pale mbele ya muzee.

Akauliza karatasi iko ya nini, ya ndoa? Nikasema ni telefone inaiomba. Akasema kumbe telefone nazo sasa zinataka sakramenti. Kisha, akipiga muhuri, akauliza kama masomoni pia mutoto iko na siku hiyohiyo. Nikanyoosha mukono. Akanipatia karatasi na hakuiachia mara moja.

"Mficha uchi hazai, mama," akasema.

Njia yote ya kurudi nilitayarisha maneno ya kumuambia mutoto. Nitamuambia kulikuwa vita. Nitamuambia masista walikuwa wagumu. Nitamuambia nilifanya juu yake. Nilimukuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, uwanjani, nikamuambia aache kinu, nikamupatia karatasi, asome siku ya kuzaliwa kwa sauti. Akasoma. Nikaanza maneno yangu, na sikufika mbali.

"Najua, maman," akasema.

Nikamuuliza nani alimuambia. Ni baba yako? Hasira yangu ilikuwa tayari inapanda.

"Hakuna mutu. Nilikuwa na miaka nane. Mutoto wa miaka nane anajua kuhesabu."

Akanieleza bila kunilaumu, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Siku ile ya uniforme, kisha ya mimi kumuambia sita, alienda nyuma ya choo akahesabu vidole. Akafikiri labda kwa muji wanahesabu kwa namna ingine. Mwaka wa pili masomoni akaelewa. Akakaa nayo.

Nikasema basi juu ya nini uliandika kumi na mbili? Ungeandika ile ya kweli, compte isingefungwa, baba yako ungekuwa naye.

"Niliogopa wataomba karatasi," akasema. "Karatasi inasema kumi na mbili. Wangeona ulidanganya."

Nikaketi kwenye ukingo wa beseni. Mutoto wangu alikuwa amejua tangu mwanzo kama compte inaweza kufungwa, na alikubali kumupoteza baba yake ili mimi nisionekane muongo. Na mimi siku kumi nilifurahi. Nilitaka kumuomba musamaha, na sikujua unaanzia wapi. Nikamuambia alete telefone.

Papa wa photocopie alipiga picha ya karatasi ya ubatizo, na ya karte yangu ya uchaguzi, na ya mutoto ameishika ile karatasi chini ya kidevu. Akaandika barua ya Kifaransa, ya heshima nyingi. Tukatuma. Siku sita hakuna kitu. Ya saba, zikibaki siku kama kumi, compte ikafunguka.

Kulikuwa na sauti za siku tatu za Mungu. Safari hii mutoto hakuenda nyuma ya jiko. Aliketi karibu yangu, na sikugonga sufuria. Ya kwanza, bwana yangu anauliza kama amekula. Ya pili, anauliza kama amekasirika. Ya tatu, kwanza unasikia tu magari nyuma yake, kisha akasema kama ni mama yako amekukataza, usigombane naye, anabeba mengi. Mutoto akamujibu kama telefone ndiyo ilikuwa na shida.

Kesho yake asubuhi alikuwa anavaa viatu mulangoni. Karatasi ya parokia ilikuwa juu ya meza, sikuwa nimeificha bado. Akasimamisha mikono kwenye kamba ya kiatu.

"Maman, leo directrice anatuandikisha fiche za mutihani. Niandike ngapi?"

Nilitazama ile karatasi. Nikawaza directrice na kabati yake, mashahidi wangu wawili, mwaka muzima wa masomo wenye ungeweza kuangukia pale. Yeye alikuwa anangoja, ananiangalia, na najua alikuwa tayari kwa jibu lolote.

"Kumi na mbili," nikamuambia.

Hakushangaa. Akafunga kamba, akachukua mufuko wake, akaenda masomo.